Mnadi Aliyekataa Gari

Darla Hruska alikuwa na sauti ya kuuza ng'ombe mia tatu kabla ya chakula cha mchana, na hakuwa na mkono wa kujikuna pua. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena kwa kipaza sauti, kila Alhamisi mnada ulipofunguliwa. "Ndiyo maana mnaniamini," aliwaambia wakulima waliojazana kwenye mabenchi ya mbao kuzunguka uwanja. "Wilaya nzima hii, mimi peke yangu siwezi kununua fahali kwa bahati mbaya." Walicheka kila wiki, maana hakukuwa na hata mmoja wao ambaye hajawahi kufukuza nzi mnadani akajikuta na ndama.

Alivunjika shingo akiwa na miaka kumi na tisa, trekta la baba yake lilipobingirika mtaroni. Mwili uligoma kuanzia kifuani kwenda chini, ukamwachia kichwa, mabega, na vidole viwili vya mkono wa kulia vya kusukumia kijiti cha kiti chake cha magurudumu cha umeme. Pumzi nayo ilipungua. Alijifunza upya kuipanga, kidogo kidogo, mpaka akaweza kutaja bei kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, na wanadi wenzake wenye mapafu mazima wakamwonea kijicho. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kumi na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia juu ya kibanda cha mnadi, ambako alipanda kwa mteremko wa mbao uliojengwa na Orrin, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuwatazama wanunuzi na kupiga ukelele kila anapoona kichwa kimetikiswa.

Lakini kabla ya kupanda mteremko huo ilibidi kwanza atoke kitandani, na hapo ndipo penye mambo. Saa kumi na moja alfajiri Maricela alifungua mlango wa nyumba kwa ufunguo wake mwenyewe. Alimgeuza Darla, akamwogesha, akamvalisha, akamnyanyua kwa mashine na kumtua kwenye kiti. Ilikuwa kazi ya saa mbili na nusu, na jioni alirudi kuifanya kinyumenyume. Iliyomlipa Maricela ilikuwa bima ya afya ya serikali, wala si nyingine. Bima za makampuni hulipa daktari na dawa. Ukizitajia mtu wa kukuvalisha soksi zinakata simu.

Sasa sikia sheria yenyewe. Mlemavu anayefanya kazi anaruhusiwa kubaki na bima ya serikali, akichangia kidogo kila mwezi, mradi asiwe na akiba inayozidi kiasi walichoweka. Kiasi chenyewe ni cha kununulia ng'ombe wanne, watano ukipata wagonjwa. Yaani fanya kazi, jitume, tunakupongeza, ila usije ukaonekana na kitu. Mara tatu mwenye mnada alitaka kumwongezea Darla mshahara, na mara tatu Darla alimwambia amwongezee kahawa. Watu walimwona ana vituko. Hawakujua kwamba alikuwa amewahi kuikosa hiyo bima, akiwa na miaka ishirini na mitatu, karatasi zake zilipokaa mezani kwa mtu zikipigwa vumbi. Miezi kumi na mmoja aliishi nyumba ya wazee. Chakula cha jioni saa kumi na nusu, kitandani saa kumi na mbili jua likiwa bado dirishani, na kitanda cha pili bibi wa miaka tisini aliyemwita kwa jina la dada yake marehemu. Darla aliapa kwamba mle ndani hatarudi tena, na kila Oktoba alijaza fomu zake za bima kama mtu anayetegua bomu.

Mwaka huo gari lake lenye lifti ya kupandishia kiti lilikufa mwishoni mwa Septemba, na fundi akasema wasimsumbue tena. Akiba yake ilikuwa imefika ukingoni mwa kiasi kilichoruhusiwa, na gari jipya la namna ile lilikuwa bei ya nyumba. Basi Darla akaanza kwenda kazini kwa kiti, maili moja na nusu kando ya barabara kuu, kitambaa chekundu kikipepea mgongoni ili malori yamwone. Oktoba ikapita. Novemba ikaja na theluji yake ya majimaji inayopiga usoni. Mji mzima ulimwona kupitia vioo vya magari yao yenye joto. Na watu wa pale hawakuambii kwamba wanakuhurumia. Wanakwenda kuoka pai.

Bi. Pospisil ndiye aliyepiga simu. Ardith Pospisil alikuwa amefundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na nane, na hata wanaume wenye wajukuu walimwita Bi. Pospisil na kuficha sigara wakimwona. "Darla mwanangu, Jumamosi kuna mnada wa pai, wa kuchangia mtu. Utatuuzia?"

"Mtu gani?"

"Utamjua siku hiyo. Mwenyewe hatakiwi kujua."

Darla alikubali bila kuuliza zaidi. Minada ya namna hiyo alikuwa ameuza zaidi ya ishirini, bila malipo: ghala la fulani limeungua, fulani ana saratani, fulani amezaa mapacha watatu. Hakuwahi kufikiri kwamba iko siku wangemwokea yeye.

Jumamosi uwanja ulifagiliwa mbolea, ukamwagwa maranda mapya, na pai sitini zikapangwa juu ya meza ndefu pale wanapopitishwa ng'ombe. Watu kama mia tatu walikuwa kwenye mabenchi, kila mmoja na kadi yake ya namba. Darla alikuwa na furaha. Pai ya kwanza, ya cheri, aliianzisha kwa dola ishirini, na Orrin akapiga ukelele mpaka ikafika mia tano. Aliyeichukua alikuwa Gaylen Tvedt, mjumbe wao katika bunge la jimbo, mwenye koti lililopigwa pasi na tabia ya kukaa mstari wa mbele palipo na mpiga picha wa gazeti.

"Unaila au unairudisha?" Darla aliuliza.

"Uza tena," alisema Tvedt, na watu wakampigia makofi. Ndivyo wanavyofanya. Pai inanunuliwa, inarudishwa mezani, inauzwa tena, mpaka ile ya cheri ikawa imeuzwa mara sita na hakuna aliyeionja.

Baada ya pai ya arobaini Bi. Pospisil aliingia uwanjani na kuomba kipaza sauti. Wanawake wawili nyuma yake wakakunjua bango. Lilikuwa na picha ya gari jeupe lenye lifti, na chini yake, kwa herufi kubwa kama za ubaoni: GARI LA DARLA.

Watu wote walisimama. Makofi yakawa mengi mpaka njiwa wakatoka kwenye paa. Orrin alikuwa akilia waziwazi. Maricela, aliyesimama mlangoni kwenye mteremko na chupa ya maji yenye mrija, hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama Darla.

"Tumefikisha elfu thelathini na moja," Bi. Pospisil alisema, "na pai ishirini bado. Nyingi ni hundi, zote kwa jina lako. Na Lavern amekwisha kuandaa akaunti."

Lavern Schaal, meneja wa benki, alisimama na kupunga karatasi. "Iko kwa jina lako, Darla. Namba zako za utambulisho nilipewa na karani wa mshahara wa hapa mnadani, ili ujue ilikuwa siri kubwa. Sema tu ndiyo, Jumatatu asubuhi pesa zinaingia."

Darla aliwapenda, na wakati huohuo aliona kile kitanda cha nyumba ya wazee, na dirisha lenye jua la saa kumi na mbili. Elfu thelathini na moja kwa jina lake. Kabla ya Krismasi barua ingekuwa imefika, na baada ya barua hakuna Maricela, na bila Maricela hakuna kazi, kwa sababu ng'ombe hawauzwi na mtu aliyelala chali.

Maricela alipanda haraka na kuinama kama anayempa maji. "Chukua," alinong'ona. "Waambie ndiyo. Tutanunua gari upesi, nani atajua?"

"Benki ikiulizwa inajibu, Mari. Na kando ya fomu za Oktoba, Mei wananikagua tena."

"Basi useme nini? Wanalia, hebu waone."

"Niseme ukweli. Mimi si mwizi wa kujificha na pesa za pai." Akavuta pumzi, akaipanga. "Kaeni," alisema kwenye kipaza sauti. "Kaeni chini wote. Mnada umesimama."

Waliketi taratibu, wengine bado wanatabasamu, wakidhani anataka kutoa shukrani.

"Sitaki hizi pesa."

Bi. Pospisil alibaki na karatasi zake mkononi. "Darla, hii si sadaka," alisema. "Ni majirani zako."

"Najua ni nani. Nawajua kwa sauti za kikohozi. Lakini hizo hundi zikiingia kwa jina langu, serikali inanikata bima. Bima ikikatwa, Maricela halipwi. Maricela asipolipwa, mimi nakwenda kulazwa kule kwa wazee, nile jioni saa kumi na nusu mpaka nife. Mtakuwa mmeninunulia gari la kunipeleka huko."

"Haiwezekani," mtu alisema kutoka nyuma, Duwayne wa maziwa. "We si unafanya kazi? Si una bima ya hapa?"

"Ninayo. Inalipia mafua yangu. Uliza kama inalipa mtu wa kunipeleka chooni."

Wengine waliinamisha macho. Darla hakuwaonea huruma.

"Ndiyo, chooni. Mnadhani ninaamka nimevaa hivi? Kuna mtu ananivalisha, na serikali inamlipa kwa sharti moja: nifanye kazi, ila nisiweke. Nikiweka kupita hapo walipochora mstari, nje. Mara tatu nimekataa nyongeza ya mshahara. Mlidhani nina kichaa. Miaka kumi na saba nauza ng'ombe zenu. Wewe Duwayne, peke yako nimekuuzia ng'ombe wa bei ya nyumba mbili na bwawa. Ningeachiwa niweke nilichovuja jasho, gari hilo ningelinunua mwenyewe, jipya, na redio nzuri."

"Basi tulinunue kwa jina la kanisa," alisema mchungaji, mtu mpole, akainua kidole kama mwanafunzi. "Liwe letu, wewe utumie tu."

"Inawezekana, Mchungaji. Kuna na wakili wa mjini anayejua kupanga pesa zisihesabiwe zangu. Mtalinunua, mimi nitalipanda, na nitasema asante kila Jumapili mpaka nizikwe. Hata kwenda kununua chumvi nitasema asante." Pumzi ilimwishia, akaipanga upya. "Mimi sitaki kusema asante. Nataka kununua gari."

Bi. Pospisil alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, kando ya pai. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Wiki sita," alisema, kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kiliidaka. "Wiki sita tunaoka. Ungeniambia, Darla. Ungeniambia, mtoto wangu."

"Hamkuniuliza, Bi. Pospisil. Mliuliza karani wa mshahara."

Hilo lilimchoma, na Darla aliona limemchoma, na hakulirudisha. Alimwagiza Maricela afungue sanduku la hundi lililokuwa kwenye meza ya pai. Mmoja mmoja Maricela alisoma majina, na mmoja mmoja watu wakashuka uwanjani kuchukua hundi zao, wakipita juu ya maranda kama watoto waliorudishiwa mtihani. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema wazi kwamba huyu dada ana kiburi, na Darla akamjibu kwenye kipaza sauti kwamba ndicho kitu pekee ambacho fomu za Oktoba haziulizi anacho kiasi gani. Watu wachache walicheka, na hewa ikapungua uzito.

Tvedt alipofika kuchukua hundi yake, Darla alimwita.

"Gaylen. Usiende mbali."

"Jambo la kusikitisha sana, Darla," alisema Tvedt. "Sikujua mambo yamefikia hapa."

"Ulijua. Machi nilikuja mpaka bungeni kwenu. Nilikodi dereva, nikasubiri saa nne nipewe dakika tatu, nikawaeleza haya haya. Kulikuwa na mswada wa kupandisha hicho kiwango cha akiba. Ulikuja baadaye ukanipapasa bega. Bega hilo lina hisia, Gaylen, ndilo lililobaki. Kisha ukaingia ndani ukapiga kura ya hapana."

Mpiga picha wa gazeti aliinua kamera, akasita, kisha akapiga.

"Bajeti si kitu rahisi," Tvedt alisema. "Kuna mambo mengi watu hawayaoni."

"Sawa. Nauza kitu kimoja zaidi, halafu twende nyumbani." Darla alijiweka sawa kwa kusukuma mabega. "Mswada unarudi Januari. Sitaki dola zako. Nataka neno lako, hapa, kwenye uwanja ambao babako alinunua ng'ombe bila kuandika karatasi. Pai umeitikisia kichwa kwa mia tano, hukupepesa jicho. Tikisa sasa. Utaupigia ndiyo? Orrin, mtazame."

Hapo hapakuwa na mzaha tena, na kila mtu alilijua hilo. Katika uwanja ule kichwa kikitikiswa ni deni. Kulikuwa na wanaume walioacha kusalimiwa kwa sababu ya kutikisa na kukana. Orrin alijifuta machozi kwa mkono wa shati, akapanua miguu, akamkazia macho mjumbe kama alivyowakazia wanunuzi kwa miaka thelathini.

Tvedt alisimama amekaza shingo. Hakutikisa ndiyo, hakutikisa hapana. Nadhani hata nzi angetua puani pake angemwacha.

"Nasubiri ndiyo moja," Darla alianza, na ile sauti yake ya Alhamisi ikaja, haraka, inaruka, "ndiyo moja, nani ananipa, ndiyo moja tu kutoka mstari wa mbele, ya bure hiyo, haina kodi, haina usafiri, ndiyo moja, ndiyo moja..."

"Darla, si namna ya kufanya mambo," Tvedt alisema.

"...ndiyo moja, mjumbe anafikiri, mpeni nafasi afikiri, ndiyo moja..."

Ukelele wa Orrin ulipasua jengo. Lakini hakuwa akimtazama Tvedt. Alikuwa amenyoosha mkono upande wa meza ya pai, ambako Bi. Pospisil alikuwa amesimama na kadi yake ya namba juu, mkono umenyooka kabisa.

Darla alikigeuza kiti upande wake. "Bi. Pospisil, hapa sasa siuzi pai."

"Najua unachouza. Yeye hakitaki." Mkono haukushuka. "Mimi nakitaka."

"Unataka nini?"

"Kazi yake. Uchaguzi ni Novemba ijayo. Nimekosea kwako leo, na sipendi kukosea mbele ya watu. Nitagombea ubunge, na nikipita nitaupigia huo mswada ndiyo. Usipokuwepo, nitauandika mwenyewe."

Mabenchi yalilia kwa jinsi watu walivyogeuka. Tvedt alitabasamu tabasamu la picha. "Bi. Pospisil, tafadhali, keti upumzike."

"Usinikalishe, Gaylen. Mimi ndiye niliyekuwa nakukalisha wewe."

Kicheko kilianzia juu kwa Duwayne kikateremka mpaka chini. Darla hakucheka. Mnadi hapendelei, na hakutaka mtu yeyote aje kusema kwamba siku ile alipendelea. "Mjumbe," alisema, "bado una nafasi. Tikisa, nitaichukua yako, na Bi. Pospisil atakwenda kulea wajukuu. Mara ya kwanza."

Tvedt alitazama hundi yake.

"Mara ya pili."

Alitazama mlango.

"Imekwenda," Darla alisema. "Kwa Ardith Pospisil."

Pai ziligawiwa bure, na ile ya cheri mwishowe ikaliwa. Lavern aliichana fomu ya akaunti mbele ya macho ya Darla, vipande vinne, akaomba radhi kwa habari ya zile namba. Saa tisa hivi Maricela alimfunga Darla shuka la plastiki shingoni, kwa maana theluji ya majimaji ilikuwa imeanza, na Darla akateremka na kushika njia ya nyumbani kando ya barabara kuu. Gari hakuwa nalo. Bima alikuwa nayo, na kesho yake alfajiri mlango ungefunguliwa kwa ufunguo.

Hakuwa amefika mbali aliposikia viatu vikichapa maji nyuma yake. Bi. Pospisil alikuwa anakuja kwa miguu, kofia imekaa upande, gari lake kaliacha kule mnadani.

"Utaugua," Darla alimwambia.

"Nyamaza. Nieleze hiyo sheria tena, tangu mwanzo, na usiruke kitu. Kiasi gani kinaruhusiwa, na nani alikiweka?"

"Ni maelezo marefu, Bi. Pospisil. Na mimi sipunguzi mwendo."

"Sijakuomba upunguze," alisema Bi. Pospisil, akahema, akaongeza hatua, na Darla akaanza kumweleza.